Sweta la kichanga kwa vipande: kumbukumbu zangu za kufuma, Moshi

Jumapili, 25 Mei 2025

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Agosti. Huyo ndiye atakuwa mtoto wa kwanza kuniita mama mkubwa, na nimeamua atapokelewa na sweta nililolifuma kwa mikono yangu. Sweta la kufungua mbele, vifungo vinne, na kofia ya uzi uleule. Ataishi Kibosho, kwa wakwe za mdogo wangu. Hapa mjini mwezi wa nane tunavaa sweta asubuhi na kulivua saa tano, ila kule juu migombani ukungu ukishuka watu hawalivui kutwa.

Nitalifuma kwa vipande: mgongo, mbele kulia, mbele kushoto, mikono miwili, kisha niunganishe. Wapo wanaoanzia shingoni na kushuka hadi chini bila mshono hata mmoja, na kazi zao nimeziona, ni safi. Mimi napenda vipande kwa sababu kimoja kinaenea kwenye mkoba, nakifuma dukani mteja akiondoka na mwingine hajafika. Halafu kikiharibika nafumua hicho peke yake.

Kufuma nilijifunza darasa la nne, kwa spoku za baiskeli tulizozinoa ncha kwenye sakafu ya saruji. Mama ndiye aliyenipa sindano halisi, unene wa milimita 4, na ndiye aliyenipa majina ninayotumia mpaka leo: kitanzi cha uso na kitanzi cha kisogo. Uso ni ule unaolala laini kama herufi V, kisogo ni kile chenye kinundu. Ukifuma uso mmoja kisogo kimoja, uso mmoja kisogo kimoja, unapata ule ukingo unaovutika ambao nyumbani tunauita mpira.

Jumamosi, 31 Mei

Uzi umenichukua wiki nzima.

Nilianza kwa fundi wa masweta ya shule. Ana mashine yake na koni za akriliki: bluu ya giza, kijani, damu ya mzee. Alikuwa tayari kunipimia ninaotaka. Ni uzi unaofulika vyovyote na unakauka upesi, na kwa mtoto wa shule sina neno nao. Lakini nimekaa nikawaza atakapokaa huyu mtoto. Bibi yake anapikia kuni, na kichanga kule hupakatwa jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto. Cheche ikirukia akriliki, uzi unayeyuka na kunata kwenye ngozi. Nikaachana nao.

Pamba haiyeyuki. Ila ni nzito, haivutiki sana, na ikishalowa inakaa na maji. Julai kwetu jua lenyewe ni la kubahatisha. Nikabaki na sufu. Cheche ikiangukia sufu inababuka, inatoa harufu na kuzimika yenyewe, na hata ikiwa na unyevunyevu bado inatunza joto. Adui wa sufu ni maji ya moto na kusuguliwa. Hilo nitalishughulikia kwa wakati wake, maana siye mimi nitakayefua.

Sufu ya dukani kwa bei ya mfuko wangu sikuipata, nikaenda soko la Memorial kwenye mitumba. Huko hununui sweta, unanunua uzi uliovaa umbo la sweta, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuligeuza ndani nje na kuangalia mishono ya ubavuni. Mshono ukiwa wa mnyororo, unakata uzi mmoja, unavuta, na ubavu mzima unafunguka kama mdomo wa gunia la unga. Ukikuta ukingo umekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache hata liwe zuri namna gani. Kila mstari umekatwa pale, na utakachofumua ni vipande vya urefu wa mkono.

Lebo zilikuwa zimekatwa kwenye karibu yote niliyoyapenda. Nikaomba ruhusa kwa muuzaji, nikachomoa kinyuzi kwenye mshono wa kila moja na kuwasha kiberiti. La kwanza lilijikunja likaacha shanga nyeusi ngumu: akriliki. La pili lilinuka karatasi na majivu yake yakapeperuka: pamba. La tatu, la kike, rangi ya maziwa, lilitoa ile harufu ya saluni kitana cha moto kinapozidi, na jivu lake likasagika kati ya vidole. Hapo nikajua nimefika. Nikaliweka shingoni chini ya sikio, nikasimama nalo kama dakika mbili huku muuzaji akiniangalia. Halikuniwasha. Shilingi 5,000.

Jioni nimelifumua na kijana wangu, yeye akizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Ulitoka na mawimbi kama nywele za mtu aliyetoka kufumua misuko. Nimeufunga sehemu nne usivurugike, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, nikautundika ukiwa na chupa ya maji ya nusu lita chini yake kama uzito. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Jumatano, 4 Juni

Mzani wa duka la jirani umesema gramu 310. Ni zaidi ya mahitaji yangu, hata nikikosea.

Uzi wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo nashika nyuzi mbili pamoja. Nimefuma sampuli ya vitanzi 30, nikaifua, nikaiacha ikauke, ndipo nikapima. Wengi hupima kabla ya kufua, na sufu ikishaonja maji inabadilika. Katikati ya sampuli, sentimita 10 zina vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu. Hesabu zote zinatoka hapo.

Nimefuma na sampuli ya pili, sawasawa na ya kwanza. Hiyo nimeifua jinsi nepi zinavyofuliwa: maji ya moto, sabuni ya kipande, nikasugua kwelikweli. Ilikuwa na upana wa sentimita 13 na nusu. Imetoka na 10, nene kama kipande cha blanketi, vitanzi havionekani tena. Nimeihifadhi pamoja na ile nzuri.

Jumatatu, 9 Juni

Mgongo umeanza. Vitanzi 54, ambavyo ni sentimita 24 na nusu. Kifua cha mtoto wa miezi mitatu hukaribia sentimita 40, na sweta likizunguka 48 linabaki na nafasi ya nguo ya ndani na ya kukulia. Mpira sentimita 3, kisha uso mtupu kwa upande wa mbele na kisogo wakati wa kurudi. Nikifika sentimita 13 naweka alama ya uzi mwekundu pembeni, hapo ndipo kwapa lilipo. Jumla ya urefu ni sentimita 24.

Jumamosi, 14 Juni

Mgongo umekwisha. Juu: 17 vya bega, 20 vya shingo, 17 vya bega.

Alhamisi, 19 Juni

Mbele kulia imekwisha jana. Vitanzi 26, mwishoni nikapunguza 9 upande wa shingo, vikabaki 17 vilingane na bega la mgongo. Kwenye daftari nimeandika kwa herufi kubwa KIOO, kwamba mbele kushoto inapunguzwa upande wa pili. Ukisahau hilo unajikuta na mbele mbili za kulia.

Leo saa nne mdogo wangu amepiga simu kutoka kliniki. Presha imepanda na wamemlaza. Nimefunga duka. Nimekaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, kisha nimekaa nje kwenye benchi nikianza mbele kushoto, maana mikono ilitaka kazi.

Jumapili, 29 Juni

Siku kumi za kwenda na kurudi. Ameruhusiwa jana, dawa anazo, na kila wiki anarudi kupimwa. Miguu imepungua kuvimba. Amekula mtori wa mama bakuli mbili, na hilo ndilo lililonilaza usingizi.

Leo mchana ndipo nimeziweka mbele mbili juu ya meza. Ya kushoto niliimaliza Ijumaa kule benchini. Vitanzi ni vilevile 26, mistari ni ileile, nimehesabu mara tatu. Ya kulia ina upana wa sentimita 12 kasoro kidogo. Ya kushoto ina 10 na nusu, na urefu wake umepungukiwa sentimita mbili. Nikaishika: ni ngumu, vitanzi vimebanana, ukiivuta haitaki. Uzi ni uleule na sindano ni zilezile. Ni mkono wangu uliobana. Ningeweza kukuonyesha kwa kidole ni mstari gani nilifuma usiku ule waliponiambia wanasubiri majibu ya mkojo, maana kuanzia hapo kuna mistari kama minane ambayo sindano ilikuwa inaingia kwa kulazimisha.

Mama akasema, "Ivute ukiipiga maji, itafuata. Nani ataona?"

Nimemheshimu mama, sikubishana naye. Lakini nimewaza: mtu mzima sweta likimbana kwapa analivua. Mtoto wa wiki mbili atalia tu, na watamnyonyesha, watambeba, watampaka mafuta, wasijue kwamba kinachomsumbua ni upande wa kushoto wa sweta. Hana namna ya kutuambia. Kwa hiyo mwenye kusema kwa niaba yake ni mfumaji, naye anasema kwa futi ya fundi mkononi kabla nguo haijafika mwilini.

Nimefumua yote, mpaka mpira. Nimeuloweka tena uzi unyooke. Mama alikuja akakaa karibu yangu akashika ncha, akazungusha mwenyewe mpaka mwisho.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka halifunguliwi. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa.

Mbele kushoto mpya imekwisha Alhamisi na inalingana na mwenzake. Sasa nafumia jikoni kwangu tu, na kila mistari kumi napima.

Leo ni mikono. Nafuma yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mmoja na donge lake la uzi, hivyo ninachoufanyia huu naufanyia na huu. Hakuna mkono utakaokuwa mrefu kuliko mwenzake. Vitanzi 32 kwenye kifundo cha mkono, mpira sentimita 3, halafu naongeza kimoja kila upande katika kila mstari wa nne, mara nane. Inafika 48, yaani sentimita 22, ambayo ni mara mbili ya kimo cha kwapa. Nimefurahi hesabu ilipokubali bila kulazimishwa. Urefu wote ni sentimita 15.

Usumbufu wake ni madonge kuvurugana. Nimeweka moja kwenye bakuli kulia, jingine kwenye bakuli kushoto, na kila nikigeuza kazi nageuza upande mmoja kisha kinyume chake.

Jumapili, 13 Julai

Vipande vitano vimekamilika. Nimevifua kwa maji ya uvuguvugu, nikavikunja ndani ya taulo na kukanyagia maji yatoke, bila kukamua kwa kusokota. Sufu iliyolowa haitundikwi kwenye kamba, itarefuka kwa uzito wake. Nilihitaji kitu bapa kinachopitisha hewa, nikachukua ungo wa mama, nikatandika kanga, nikalaza vipande na kuvinyoosha kwa vidole mpaka vikafika vipimo vya daftari. Vimekaa siku tatu kukauka, kwa ukungu huu.

Jumamosi, 19 Julai

Kuunganisha ndiko wengi wanakokimbia, na mimi ndiko ninakopenda zaidi. Unaviweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, uso juu. Sindano butu inapita chini ya kile kijiti kidogo kilicho kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili upande huu, kisha chini ya mwenzake upande ule, huku, kule, kama ngazi, ukiwa umelegeza. Baada ya hatua sita au saba unavuta uzi taratibu na ngazi inafunga. Mshono unapotea machoni. Kijana wangu aliomba nifungue nifunge tena aone.

Mabega kwanza, kisha mikono kwa kufuata alama za uzi mwekundu, halafu ubavu na mkono kwa mshono mmoja mrefu.

Ukingo wa vifungo niliuokota kwenye ubavu wa mbele. Mara ya kwanza niliokota kitanzi katika kila mstari, ukatoka na mawimbi kama pindo la gauni la harusi. Kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu, ndiyo maana katika kila mistari minne unaokota vitanzi vitatu tu. Nimefumua, nimerudia, umelala.

Mama alitaka utepe shingoni badala ya vifungo, kama tulivyovalishwa sisi. Nimemwomba tuuache, kamba karibu na shingo ya mtoto siipendi. Vifungo nimevishona kila kimoja na kifungo kidogo nyuma yake upande wa ndani, nikavivuta kwa meno. Kisha nikaligeuza sweta ndani nje na kupitisha kidole changu cha mwisho kwenye mikono yote miwili kutafuta kinyuzi kilichobaki kikining'inia. Kidole cha kichanga kinaweza kuzungushwa na uzi huko ndani na mtu asijue mpaka kivimbe. Nilikuta kimoja, mkono wa kulia. Nimekificha kwenye mshono.

Ijumaa, 25 Julai

Kofia. Vitanzi 82: themanini vya kofia na kimoja kila upande cha kuunganishia. Mpira, uso, mpaka sentimita 9. Kisha ile themanini naigawa mafungu nane ya kumi kumi, na mstari mmoja ndiyo mmoja siyo napunguza kitanzi kimoja kila fungu, mpaka vinabaki vinane na viwili vya pembeni. Uzi unapita ndani yake, unavuta, utosi unafunga kama ua. Siku tatu tu. Sikuweka kishungi.

Muuguzi wa kliniki amemwambia mdogo wangu kofia ni ya siku za mwanzo na ya kutokea nje kwenye baridi, mtoto akilala ndani amefunikwa avuliwe, kwa sababu kichwani ndiko anakopunguzia joto. Nimeiandika hiyo kwenye kikaratasi nitakachofunga pamoja na sweta.

Alhamisi, 31 Julai

Amezaliwa jana usiku. Msichana, kilo 2.5. Presha ilikuwa inapanda tena, hawakusubiri Agosti. Mama na mtoto wazima. Nimelia dukani mbele ya wateja na wao wakanipa hongera.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepanda Kibosho na mama, sweta na kofia ndani ya kanga, pamoja na zile sampuli mbili.

Sweta limemkaa. Mikono tumeikunja pindo moja, kwapa linapita vidole vyangu viwili bila kubana, kulia na kushoto sawasawa. Alipiga miayo, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kichwa, na sweta likamfuata bila kupanda tumboni. Nilikuwa nalisubiri hilo tangu Juni. Kofia ni kubwa, imemshukia mpaka kwenye macho. Nimempima kichwa: sentimita 33.

Bibi wa mtoto alikuwa ameshabandika maji ya kufulia motoni. Nikatoa sampuli zangu, nikaziweka mapajani mwake. "Mama, hizi zilikuwa sawasawa kama mapacha. Hii niliifua kwa uvuguvugu, hii nikaifua kama nepi." Alizipandanisha, akazigeuza, akaivuta ile nene kwa nguvu isivutike. Akaita wajukuu wawili wakubwa waje waone. Hakuniuliza kitu kuhusu sabuni, aliuliza linaanikwa wapi. Nikamweleza habari ya ungo.

Akainuka, akautungua ungo mdogo ukutani, akaukung'uta pumba, akautundika kwenye msumari wa peke yake karibu na kitanda cha mzazi. "Huu ni wa sweta," akawaambia wale wajukuu. "Nisimwone mtu akipepetea mahindi."

Kofia ya pili: vitanzi 66, mafungu nane ya nane nane. Nimeanzia kwenye daladala wakati wa kushuka, niko mstari wa 12. Uzi uliobaki unatosha.